Kaka, sahihi hiyo usiitie mwaka huu

Shikamoo kaka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwanangu amesikia shuleni kwamba vyuo vya Marekani vina mlango wa mapema, anayepitia hapo hupata nafasi kwa urahisi, na mwisho wa kuomba ni tarehe 1 Novemba. Unataka mimi shangazi yake, niliyekaa huku Lowell, Massachusetts, miaka kumi na minne, nimchagulie chuo kimoja apeleke jina. Ukamalizia kwa kusema, "Si binti yako alipita hapo hapo?"

Alipita. Ndiyo maana nakujibu kirefu, na nakujibu wewe peke yako, maana kwenye kikundi cha ukoo nilituma picha tu.

Mlango huo wenyewe wanauita ED, yaani Early Decision, uamuzi wa mapema. Mimi nauita posa. Unapeleka posa nyumba moja tu, na unaweka sahihi kabisa kwamba ukikubaliwa umeoa. Mahari utatajiwa baadaye. Sahihi ni tatu: ya mtoto, ya mzazi na ya mwalimu mshauri wa shule. Jibu hutoka katikati ya Desemba, na likiwa ndiyo, mtoto anafuta maombi yake yote kwingine. Huko kwetu Kenya, KUCCPS wanaogawa nafasi za vyuo humpa mtoto nafasi ya kurekebisha alichochagua, hapa hakuna. Baadhi ya vyuo vina dirisha la pili mwezi Januari, masharti yale yale.

Urahisi anaoambiwa upo, siwezi kukudanganya. Kuna vyuo vinavyojaza nusu ya nafasi zao au zaidi kwa njia hii. Lakini ndani ya hao wanaopita wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa watu waliosoma hapo zamani. Ukiwatoa hao, urahisi wenyewe unasinyaa. Na chuo kinaipenda njia hii kwa kuwa kinajua unakuja: hakina sababu ya kukubembeleza kwa pesa.

Sasa yangu. Binti alikipenda chuo kimoja kidogo huko kaskazini kwenye theluji. Alikwenda kukitembelea siku moja akarudi na lile sweta lenye jina la chuo, mliloliona kwenye picha. Dola 68, lakini hilo tuliache.

Kiungo cha kutia sahihi kilinijia kwa barua pepe nikiwa kazini. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, saa nane za usiku, nimeegemea mashine inayokausha shuka. Kwenye simu palikuwa na aya ya maandishi madogo na kisanduku cha kuandika jina. Nikaandika jina kwa kidole gumba, kidole bado kina unga wa glavu, nikarudi kukunja shuka. Kaka, karatasi za mkopo wa gari nilizisoma siku mbili. Hiyo sikuisoma hata dakika mbili.

Desemba jibu lilipofunguka, tulipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Barua ya pesa ilikuwa hapo hapo, ukurasa wa pili. Walikuwa wamekokotoa kwamba mimi naweza kulipa dola 19,000 kwa mwaka. Nilikuwa nimejiandaa na 8,000. Unajua tofauti ilitoka wapi? Ile fomu ndefu ya kuomba msaada wa karo, CSS Profile, inauliza mshahara, akiba, nyumba, kila kitu. Lakini pesa ninazotuma nyumbani kila mwezi, dawa za sukari za Mama, karo za watoto wa dada, hawakuzipunguza. Nilipopiga simu nikaelezwa kwa adabu kabisa kwamba hizo natuma kwa hiari yangu. Hiari! Nikamwambia yule dada wa ofisini kwamba katika ukoo wetu hajawahi kutokea mtu wa kuniuliza kama nina hiari. Hapana, sikumwambia hivyo. Nilisema asante nikakata simu, halafu nikakaa ndani ya gari.

Ningeweza kuvunja ahadi hiyo. Masharti yao wenyewe yanaruhusu: msaada wa karo usipotosha, unaomba kufunguliwa, na hakuna polisi atakayekuja mlangoni. Lakini wewe mwambie mtoto wa miaka 17 aliyelala na hilo sweta mwilini kwamba tunavunja. Nikakata rufaa. Nikapeleka rekodi za kila nilichotuma M-Pesa mwaka mzima, wakashuka hadi 14,500. Kilichobaki nakilipa kwa kazi ya pili ya mwisho wa wiki. Ndiyo maana Jumamosi simu zenu hazipokelewi. Najua mlisema naringa.

Na UMass Lowell, chuo cha umma kilicho basi moja kutoka kwangu, hatukujua kingetutoza kiasi gani. Ombi tulilifuta kabla ya jibu. Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo, kuliko hata hizo pesa: nilinunua mbuzi kwenye gunia na duka jirani lilikuwa wazi.

Tuje kwa mwanangu. Yeye atakuja kama mgeni. Msaada wa serikali ya Marekani haumhusu, na kulala kwangu hakumfanyi mkazi wa Massachusetts, kwa hiyo usimpigie hesabu ya karo ya wenyeji. Vyuo binafsi vingi vya aina anayoitaka vimepita dola 90,000 kwa mwaka, chakula na malazi ndani. Kiwanja cha Mtwapa usikiuze. Hakimalizi mwaka wa kwanza, na miaka ni minne.

Lile wazo lako la "aingie kwanza, pesa tutajua mbele" lifute kabisa. Vyuo vingi vina sharti kwamba mgeni asiyeomba msaada tangu mwanzo haruhusiwi kuuomba tena mpaka amalize. Na akiuomba mwanzo, vyuo vingi hutazama mfuko wake sambamba na alama zake, na nafasi yake ikapungua.

Vichache havitazami mfuko hata wa mgeni, na humjazia pengo lote kati ya bei na kile watakachoona nyumbani kwao wanaweza kulipa. Kati ya vyenye ED, ninavyovijua ni Amherst, Bowdoin, Dartmouth na Brown. Brown wameanza juzi tu, na walioingia 2025. Harvard, Yale na Princeton nao hawatazami, lakini mlango wao wa mapema haukufungi kwa ahadi: ukikubaliwa unangoja mpaka 1 Mei huku unalinganisha bei, mradi tu usiwe umepeleka ombi jingine la mapema kwenye chuo binafsi. Kote huko wanaokataliwa ni wengi mno, hata wenye A tupu. Asijidanganye kwa vile binti yangu alipata. Chuo chake si miongoni mwa hivi.

Basi ukiniuliza mimi, ED kwake ni kimoja kati ya hivyo vinne, au asipeleke kabisa. Kwingine aombe kwa njia ya kawaida, Januari, aone bei ndipo aseme ndiyo.

Tena si mwaka huu. Novemba atakuwa ndani ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Insha za vyuo vya huku ataziandika saa ngapi? Amalize mtihani, matokeo yatoke Januari, hapo ana miezi kama tisa ya kufanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huku, na kuandika insha bila pupa. EducationUSA, ofisi ya serikali ya Marekani ya kushauri wanaotaka kusoma huku, wana washauri Nairobi, hawatozi kitu. Aende na maswali ya pesa kwanza, yale ya majengo na theluji baadaye.

Na jambo moja kaka, sahihi ya mzazi ni yako na wifi, mimi siwezi kukutilia. Mwambie mwanangu anitumie orodha ya vyuo anavyovitaka, na mbele ya kila jina aandike kama chuo hicho kinatazama mfuko wa mgeni au hakitazami. Aandike mwenyewe, asikuachie wewe. Kisha nipigieni Jumapili saa tisa alasiri ya kwenu. Huku itakuwa asubuhi, nitakuwa nimetoka zamu na bado sijalala.