Muulize Fundi: SSD mbili ziwe pacha, nianzie wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mpiga picha, kazi zangu zote naziweka kwenye desktop ya nyumbani. Mwezi uliopita SSD yangu, ile diski ya chipu isiyozunguka, ilikata ghafla, jioni nimezima mashine iko poa kabisa, asubuhi nawasha hata BIOS, ile mipangilio ya madabodi, haiioni. Nilikuwa na diski ya nje ya bekapu lakini ilikuwa imebaki nyuma wiki tatu, kwa hiyo kazi za wiki tatu zimekwenda. Rafiki yangu kanishauri nifunge SSD mbili ziwe zinaandikwa sawasawa, moja ikifa nyingine ipo. Natumia Windows, madabodi ina nafasi mbili za M.2, zile za kuchomeka SSD ndogo bapa. Je ninunue mbili zinazofanana kila kitu? Niziunganishe kwenye BIOS au ndani ya Windows? Na nikishafanya hivyo naweza kuachana na ile diski ya nje, maana kukopi kila wiki kunanichosha?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kazi ya wiki tatu si kitu kidogo. Naanza na swali lako la mwisho maana ndo lenye hatari kuliko yote: hapana, diski ya nje usiiache. SSD pacha zinafanya kile unachofanya wewe, muda uleule. Ukifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili, virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa vikiingia vinafunga kote kuwili, pawasapulai ikipitisha umeme mbovu zinaweza kuungua zote, na mwizi akibeba kompyuta kabeba zote mbili. Pacha wana kazi moja tu, nayo wanaifanya vizuri: diski moja ikifa katikati ya kazi unaendelea na kazi. Kilichokupata wewe mwezi uliopita ndo hichohicho pacha wanakukinga nacho, ila vingine vyote ni kazi ya bekapu. Kama kukopi kwa mkono kunakuchosha weka programu ifanye yenyewe kila usiku, alafu ukimaliza chomoa diski usiiache imechomekwa muda wote.

Na nakuunga mkono kwenye hili wazo kwa sababu SSD haifi kama diski za zamani za kuzunguka. Zile mara nyingi zilikuwa zinatoa ishara, inaanza kugonga, inakuwa nzito kufungua mafaili, unapata nafasi ya kuokoa vitu. SSD chipu yake ya kuongoza ikikata imekata, mafaili yamo humohumo ndani lakini hakuna pa kuingilia, na hata mafundi wa kuokoa data wanapata shida nayo. Mtindo wenyewe wa pacha ni wa zamani, mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipotoa andiko lao lililoleta jina la RAID, yaani diski kadhaa kufanya kazi pamoja kama moja, pacha ndo walizipa ngazi ya 1, na mpaka leo watu wanaita RAID 1. Gharama yake ni kwamba ukinunua mbili za TB 1 unapata TB 1 ya kutumia, sio 2.

Sasa kuhusu kufanana. Watu wengi watakwambia nunua mbili sawasawa, mi nakwambia ukubwa na aina vifanane lakini kampuni ziwe tofauti. Fikiria hivi, SSD mbili za modeli moja zimetoka kiwandani pamoja, zina programu ya ndani ileile, zimewashwa siku moja, na kila unachoandika kinaandikwa kwenye zote, yaani zinachakaa kwa mwendo uleule. Kukiwa na kosa kwenye ile programu ya ndani linazipata zote. Na hii sio hofu ya bure, Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD za seva zake zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, ni miaka mitatu na miezi karibu tisa, zisipowekewa apdeti, na zikishakufa data hairudi. Aliyekuwa amefunga kadhaa kwa siku moja maana yake zingemfia kwa pamoja, na pacha asingemsaidia kitu. Kwa hiyo chukua kampuni mbili, na kama moja ni ya GB 960 na nyingine GB 1,000 usijali, utapata 960. Ila usichanganye nzuri sana na ya kubahatisha, maana kuandika hakujakamilika mpaka ile ya taratibu imalize.

Kabla hujanunua fungua kitabu cha madabodi, naomba hili usiliruke. Nafasi mbili za M.2 zinaweza kuonekana sawa kwa macho lakini moja ikawa inapokea NVMe (aina ya kasi) na SATA (aina ya zamani ya taratibu), nyingine NVMe tu, au moja ina spidi pungufu, na kwenye madabodi nyingine ukijaza ile nafasi ya pili poti mbili za SATA zinazimwa. Mtu anafunga SSD anashangaa diski yake ya zamani imepotea, anadhani ameiua.

BIOS au Windows? Kwa nyumbani mi nasema Windows. RAID ya BIOS ina faida moja ya kweli, Windows yenyewe inaweza kukaa juu ya pacha na kompyuta ikaendelea kuwaka hata moja ikifa. Lakini inakufunga kwenye ile madabodi, ikiungua utatafuta nyingine ya familia ileile ili mafaili yasomeke bila usumbufu, alafu wakati mwingine ukiapdeti BIOS mipangilio inarudi ya kiwandani na RAID inazimika, Windows inagoma kuwaka na mtu akianza kubonyeza bonyeza kwa kuchanganyikiwa anafomati. Windows unaweza kuiweka upya, picha za mteja huwezi kuzipiga upya. Kwa hiyo iache Windows kwenye SSD yake ndogo, hata ya SATA, na zile mbili za M.2 ziwe pacha za kazi tu. Kwa njia hii kompyuta nzima ikifa unahamishia SSD zako kwenye mashine nyingine yenye Windows ya toleo lilelile au jipya zaidi na mafaili yanaonekana.

Kufunga kwenyewe ni rahisi kuliko kuchagua. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, chomeka SSD zote mbili, lakini kwanza chukua kalamu uandike namba ya utambulisho (serial number) ya kila moja na nafasi ilipo, iliyo karibu na prosesa ni ipi na ya chini ni ipi, hiyo karatasi ibandike ndani ya kesi, ntakwambia kwa nini. Ukiwasha tafuta Storage Spaces, sehemu ya Windows ya kuunganisha diski, tengeneza kundi jipya, chagua hizo mbili, na hapa soma mara mbili kwa sababu kila kilichomo kwenye diski utakazochagua kinafutwa. Alafu aina ya ulinzi chagua kioo cha njia mbili (two-way mirror), usichague ile ya kawaida isiyo na ulinzi, maana hiyo inaziunganisha ziwe kubwa moja na ikifa moja umepoteza zote. Ukubwa acha inaopendekeza yenyewe. Ipe herufi, imeisha, hamishia kazi zako.

Ila kwangu haijaisha mpaka umeijaribu. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa miezi na pacha ambaye mmoja kafa, kompyuta inafanya kazi vizuri tu, sikuwahi kufungua ule ukurasa wa hali ya diski, nikaja kugundua siku natafuta kitu kingine kabisa. Miezi yote hiyo nilikuwa natembea na diski moja nikiamini ninazo mbili, na niliumia sana nilipoona tarehe. Tangu hapo kila pacha namfanyia hivi: nikishafunga na kuweka mafaili ya majaribio, nazima, nachomoa moja, nawasha, naangalia kama mafaili yanafunguka na kama Windows inalalamika na inalalamikia wapi, naandika faili jipya, nazima narudisha, naacha zijilinganishe. Ukiona kwa macho yako onyo linavyofanana siku ya kweli hutalipita. Alafu jiwekee siku moja ya mwezi kufungua ule ukurasa, pamoja na programu ya CrystalDiskInfo uangalie afya ya kila SSD imebaki asilimia ngapi.

Siku moja ikifa kweli usikimbilie dukani kwanza. Kopi kazi mpya kwenda diski ya nje, maana aliyebaki sasa yuko peke yake na kumlinganisha na mgeni ni kumsoma mwanzo mpaka mwisho. Alafu toa ile karatasi, linganisha namba ya utambulisho na ile Windows inayosema imekufa, chomoa hiyo na sio ile nyingine. Kuchomoa iliyo hai ni kosa ambalo watu wanafanya kwa haraka, na wengine wakishaichomoa wanaifomati kabisa wakidhani ndo mbovu. Weka mpya, iongeze kwenye kundi, ya zamani itoe kwenye orodha. Kulinganisha TB 1 iliyojaa kwa spidi ya MB 500 kwa sekunde ni kama dakika 33, hapo katikati usizime.

SWALI: Mi natumia Linux, mafundi wananichanganya, mmoja anasema mdadm mwingine Btrfs mwingine ZFS. Nyumbani nitumie ipi?

JIBU: Zote tatu zinaweza kufunga pacha kwenye Linux, mdadm inaunganisha diski tu, Btrfs na ZFS ni mifumo yenyewe ya kuhifadhi mafaili. Swali la kujiuliza ni hili, nakala mbili zikitofautiana nani anajua ya kweli ni ipi? mdadm hajui. Diski ikikataa kusoma atachukua kwa mwenzake, sawa, lakini diski ikisoma vibaya bila kusema atakupa hivyohivyo. Btrfs na ZFS wanaweka alama ya ukaguzi ya kila kipande, wakisoma wanalinganisha, kisipolingana wanachukua cha upande wa pili na kukirekebisha hapohapo. Kwa mafaili ya kutunza miaka mi nachagua Btrfs kwa aliyeanza juzi maana imo ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux, tangu 2009, ila hakikisha data na metadata (taarifa kuhusu mafaili) zote umeziweka raid1, na kila mwezi uendeshe skrabu, yaani ukaguzi wa kila kipande, ipitie vyote. mdadm bado ni nzuri na nyepesi, hali yake unaisoma kwenye /proc/mdstat. Kitu kimoja kinachosahaulika, ukitaka mfumo wenyewe uwake kutoka kwa yeyote kati ya pacha, ile patisheni ndogo ya EFI, yenye mafaili ya kuwashia mashine, lazima iwepo kwenye SSD zote mbili, la sivyo mafaili yapo salama lakini mashine haiwaki.

SWALI: Nina SSD moja na diski ya zamani ya kuzunguka, zote TB 1. Zinaweza kuwa pacha?

JIBU: Zinaweza, ila utaandika kwa spidi ya ile ya zamani. mdadm ina mpangilio wa write-mostly unaofanya kusoma kuwe kutoka kwenye SSD, kuandika bado kutasubiri. Kwa ulivyo navyo mi ningeacha SSD ifanye kazi peke yake na ile ya zamani niiweke kwenye kesi ya USB iwe bekapu ya kila usiku, ukipata SSD ya pili ndo ufunge pacha.