Masters Ujerumani: GPA, Sperrkonto na miezi mitatu ya kwanza

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: GPA ya 3.6 ya chuo cha hapa Tanzania inatosha kuombea masters ya uhandisi Ujerumani? Uwe na pesa kiasi gani? Na vibarua vinaweza kukulisha huku unasoma? Nakujibu kwa mpangilio huo, ila la pili litachukua nafasi kubwa kwa sababu ndiko watu wengi wanakokwama.

GPA kwanza. Wajerumani wanaigeuza kwa kanuni wanayoiita ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa kwenye mfumo wako, toa uliyopata, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kwetu juu ni 5.0 na chini ni 2.0, kwa hiyo 3.6 yako inakuwa 2.4. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo kufaulu kwa shida. Programu nyingi zinakomea 2.5, kwa hiyo umepita, lakini kwa tundu la sindano. Usiombe sehemu moja tu. Wenzetu wa Kenya hii kanuni inawaumiza zaidi, maana juu huhesabiwa 100, alama ambayo hakuna anayeipata, na chini 40: mwenye wastani wa 65 anaangukia 2.75. Hakikisha transkripti yako ina ukurasa unaoeleza mfumo wa alama. Kama hauna, uombe chuoni sasa hivi, maana bila huo hawana cha kukokotolea.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi ya wanaotoka nje kwa niaba ya vyuo: yuro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila la nyongeza muhula huohuo. Ombi halifunguliwi mpaka pesa ifike, basi usisubiri wiki ya mwisho.

Sasa pesa. "Chuo ni bure" ni kweli nusu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila unalipa mchango wa muhula, mara nyingi kati ya yuro 150 na 350. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo angalia jimbo kabla ya kuangalia sifa za chuo. Kwa ajili ya viza, kama huna ufadhili, utaonyesha yuro 11,904 kwenye Sperrkonto, akaunti inayofungwa na kukuachia yuro 992 kwa mwezi. Hapa kuna kosa dogo linalowagharimu watu wiki nzima: benki zinazopitisha pesa hiyo hukata chao njiani. Ukituma 11,904 kamili ikaingia 11,880, uthibitisho hautoki. Tuma na ziada ya kufidia makato, pamoja na ada ya anayeifungua akaunti.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba ukifika, pesa hiyo bado huishiki. Ili 992 ya kwanza itoke unahitaji akaunti ya kawaida ya benki. Benki nyingi zinataka cheti cha Anmeldung, yaani kuandikishwa makazi kwenye ofisi ya mji. Anmeldung inataka karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kuwa unakaa kwake, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, na karatasi hiyo huipati bila chumba. Chumba nacho kinataka amana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Mnyororo mzima unaanzia kwenye chumba. Kwa hiyo, mbali na Sperrkonto, beba au uwe na namna ya kuzifikia yuro 1,500 mpaka 2,000. Anayetua na yuro 200 anaanza kukopa wiki ya pili.

Chumba cha hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ndicho nafuu, miji mingi kati ya yuro 250 na 450, lakini foleni ni ndefu: omba siku ileile barua ya udahili inapokuja. Ukikosa, tafuta chumba cha muda, ila uliza swali moja kabla ya kulipa: "Nitapata Wohnungsgeberbestätigung?" Akijibu hapana, hicho ni kitanda tu, hakitakusogeza popote. Na usitume amana kwa mtu anayedai yuko nchi nyingine na funguo atazituma kwa posta. Huo ni utapeli.

Ukishapata chumba, kabla hata hujafungua begi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Kule hakuna S.L.P. ya kuchangia, mtu wa posta anasoma majina kwenye visanduku mlangoni. Kipande cha karatasi na selotepu kinatosha, mradi jina liwe lilelile la kwenye pasipoti. Kadi ya benki huja kwenye bahasha moja na namba ya siri kwenye nyingine, siku tofauti. Namba ya mlipakodi inakuja kwa barua, bima vilevile. Jina lisipoonekana, zote zinarudi zilikotoka, na wewe unabaki kuilaumu benki. Sisi wenye majina matatu tunaponzwa zaidi: mkataba una la babu, kisanduku kina la baba.

Wiki hiyohiyo omba miadi ya kibali cha ukaazi. Viza ya kuingilia ni ya miezi michache na miadi inachelewa sana miji mikubwa. Ombi lako likiwa limefika kabla viza haijaisha, wanaweza kukupa cheti cha muda. Likifika baada ya hapo, una tatizo kubwa.

Vibarua: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Kwenye 992 toa bima ya afya kati ya 140 na 150 na chumba 350, inabaki kama 500 ya chakula, simu na mengine. Inatosha kwa kubana. Kibarua kiongeze hapo, kisiwe ndiyo msingi, kwa sababu ya mitihani.

Muhula mmoja ni krediti 30, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Masomo mengi hayana alama za testi za kukubeba: mtihani mmoja wa mwisho ndio kila kitu. Tena unajisajili mwenyewe mtandaoni ndani ya dirisha la wiki chache. Likifungwa, hufanyi, hata kama hukukosa kipindi. Vyuo vingi vinatoa nafasi tatu kwa somo. Ukifeli la lazima mara ya tatu, unadisko, yaani unaondolewa, na kozi hiyohiyo huruhusiwi kuisoma tena chuo kingine cha Ujerumani. Muhula wa kwanza chukua krediti 20 hadi 25, nenda ofisi ya wanafunzi wa idara, Fachschaft, ukaombe mitihani ya nyuma, na andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye mtihani. Ukijiondoa kabla ya tarehe hiyo, nafasi yako haihesabiwi.