Msukosuko Uwe na Chanzo: Ushauri kwa Wanaounda Modeli za Uzalishaji wa Damu

Kwa miaka ambayo nimewasimamia wanafunzi wa uzamili wa hisabati hapa Nairobi, ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi kwa wanaochagua uzalishaji wa seli za damu ni huu: kabla hujaingiza nasibu, yaani msukosuko usiotabirika, katika mlinganyo wako, eleza inatoka wapi mwilini.

Anza na mlinganyo usio na nasibu. Ule wa watafiti Ważewska-Czyżewska na Lasota wa mwaka 1976, uliotungwa kwa ajili ya seli nyekundu, unafaa sana. Seli hufa kwa kasi fulani, na mpya huingia kulingana na idadi iliyokuwapo siku kadhaa zilizopita, kwa kuwa figo zikishatoa erithropoietini, homoni inayouchochea uboho kutengeneza seli nyekundu, uboho bado huhitaji muda wa kuzikomaza. Ucheleweshaji huo usiuondoe kwa ajili ya kurahisisha hesabu, maana ndio unaoweza kuifanya idadi ipande na kushuka kwa mzunguko.

Sasa nasibu. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, hivyo kasi ya vifo ni kama 1/120 kwa siku, na kasi hiyo ndiyo hutikisika kidogo kidogo mtu anapoishi maisha yake ya kawaida. Ukiitikisa kwa mchakato wa Wiener, yaani mtikisiko wa nasibu unaoendelea bila kukatika, msukosuko huzidishwa na idadi ya seli zenyewe na suluhisho hubaki chanya. Ukiongeza msukosuko usiotegemea idadi hiyo, siku moja utapata seli hasi, jambo lisilo na maana yoyote kwa daktari. Hata hivyo, kompyuta inaweza kukuletea hasi kwa sababu ya hatua kubwa za hesabu, kwa hiyo mimi hupendelea kufanya kazi na logi (logarithm) ya idadi, ambayo ikirudishwa kuwa idadi huwa chanya daima.

Malaria ni jambo jingine kabisa. Mgonjwa aliyerudi kutoka Kisumu hupoteza seli nyingi kwa muda mfupi, na mchakato wa Wiener, ambao njia zake hazikatiki, hauwezi kuonyesha anguko hilo. Tumia miruko ya Poisson, yaani mabadiliko ya ghafla yanayotokea nyakati za nasibu. Anayehama kutoka Mombasa hadi mwinuko wa Nairobi naye hahitaji nasibu mpya: kwake kigezo cha uzalishaji ndicho kinachobadilika polepole.

Mwisho, usiamini grafu moja. Karibu na ucheleweshaji ule unaozaa mizunguko, misukosuko midogo huendeleza mawimbi hata pale mlinganyo wenyewe ungetulia, kwa hiyo endesha modeli mara nyingi upate njia nyingi za nasibu, kisha zilinganishe na suluhisho lisilo na nasibu kwa vigezo vilevile.