Marufuku ya magari ikifika mezani mwako: kwa mawakili wanaoanza

Mteja wa kesi hizi haji peke yake. Huja kundi: wenye tuktuk, madereva, pengine na mama mboga aliyekuwa akibebewa magunia. Wote wanasema kwa pamoja, maana jana walikuwa stejini na leo askari wa kaunti wamewafungia magurudumu. Wewe uliyemaliza uanagenzi juzi utavutika kuanza na Katiba. Ngoja kwanza. Omba karatasi.

Kundi kama hilo lilinijia katika mji mmoja wa pwani. Nilipouliza amri iko wapi, nikaonyeshwa picha ya simu: bango lililopigiliwa kwenye mlingoti, likisema tuktuk hazitaingia katikati ya mji kuanzia Jumatatu. Halikuwa na sahihi wala tarehe, wala sheria haikutajwa. Nilivunjika moyo nikidhani hatuna ushahidi, na kumbe ushahidi ndio ule. Mapitio ya mahakama, yaani jaji kukagua uamuzi wa mamlaka ya umma, huuliza nani aliamua, kwa sheria gani, na alimsikiliza nani kabla ya kuamua. Bango lile lilishindwa maswali yote matatu.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo halali, za busara na zenye utaratibu wa haki. Sheria ya 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho, Fair Administrative Action Act, ndiyo utakayoishi nayo. Isome yote, ni fupi. Kifungu chake cha 5 kinamtaka mwenye mamlaka awatangazie wananchi na kupokea maoni yao pale hatua inapogusa umma. Cha 6 kinakuruhusu kudai sababu. Usipopewa, uamuzi huchukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo barua ya kudai sababu iandike siku ile ile wateja wanapotoka ofisini, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyojibiwa imenisaidia kuliko hoja nyingi nilizozikesha.

Usiende mahakamani ukidai kaunti haina mamlaka yoyote juu ya magari. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti barabara zao, trafiki, maegesho na uchukuzi wa umma. Jaji atakuonyesha ukurasa huo, nawe utakuwa umepoteza imani yake mapema. Hoja yako ni namna mamlaka yale yalivyotumika. Uamuzi wa 2002 wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Baraza la Manispaa la Mombasa dhidi ya Jamhuri na Umoja Consultants ungali unatajwa hadi leo: mapitio huangalia zaidi jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Kama shida ni leseni iliyokataliwa au kufutwa na mamlaka ya kitaifa ya usalama barabarani, NTSA, kuna Bodi ya Rufaa za Leseni za Uchukuzi. Ukiiruka bila kuomba mahakama ikuondolee sharti la kuanzia kwenye bodi na kueleza hali isiyo ya kawaida, ombi lako litatupwa kabla halijasikizwa. Nimeona wateja wenye haki kamili wakirudishwa nyumbani hivyo, na wale watu walikuwa na mikopo ya magari inayowasubiri kila mwezi.

Siku nazo zihesabu. Chini ya Amri ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, ombi la kufuta uamuzi lina miezi sita. Ukipata ruhusa ya mahakama kuendelea na ombi hilo, hoja yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 21. Unapoomba ruhusa, omba pia isimamishe utekelezaji, maana tuktuk iliyolala yadi haimlishi mtu. Na ukweli wa kesi uweke katika hati ya kiapo. Mimi niliuweka karibu wote katika taarifa inayoambatana na ombi la ruhusa, wakili wa upande wa pili akasimama na uamuzi wa Owaki, unaosema ukweli wa kesi uwe kwenye kiapo wala si kwenye taarifa, nami sikuwa na la kujibu. Tuliokolewa na kiapo kifupi cha dereva mmoja kilichoambatishwa ile picha ya bango.

Tafuta pia kiapo cha abiria. Disemba 2018 matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya Nairobi, waliotembea kwa miguu asubuhi ile ni wafanyakazi, wagonjwa na wazee, na marufuku ikasitishwa muda mfupi baadaye. Wenye magari huonekana wanatetea mfuko wao. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayeeleza umbali wa kutoka kituo kipya hadi hospitali humwonyesha jaji kwamba hakuna aliyeupima umbali ule kabla ya kuamua.

Kabla ya kupokea malipo, waambie wateja jambo hili waziwazi: mahakama ikifuta bango, mamlaka ya kaunti yanabaki. Kaunti yaweza kurudi na tangazo halali, mkutano wa wananchi na kanuni zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi. Wateja wangu walishangilia hukumu, na miezi miwili baadaye tangazo likatoka, safari hii lina sahihi, tarehe na siku ya mkutano. Walinipigia simu kwa hasira wakidhani tumedanganywa. Nikawaambia wafike mkutanoni mapema na waandike majina yao kwenye daftari la mahudhurio. Tukakaa jioni mbili kwenye ukumbi wa chama chao, tukichora njia ambazo tuktuk zingeweza kupita bila kuziba soko.