Kutoa kizazi ni swali moja, kutoa ovari ni swali jingine

Mdogo wangu, nilisoma swali lako jana usiku, na leo asubuhi nikalirudia kabla ya kwenda kazini. Unasema una miaka 26, uko kwenye sindano za testosteroni, homoni ya kiume, mwaka wa tatu sasa, hedhi ilishakatika, lakini tumbo la chini linakukata siku mbili tatu kila baada ya sindano. Daktari amekwambia uchague: uache sindano, au utolewe "kila kitu", yaani kizazi na ovari (vifuko vya mayai), kabla hujafikisha miaka mitano ya sindano. Na unaogopa kuamua kwa haraka kitu kisichorudi.

Nakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo. Nina miaka 38, mzaliwa wa Mombasa, fundi umeme hapa Nairobi. Ni mwanamume transi, yaani nilipozaliwa niliandikwa mtoto wa kike. Sindano nilianza nikiwa na miaka 29, kizazi nilitolewa nikiwa na 34. Mimi si daktari, kwa hiyo dozi yako na mwili wako zungumza na anayekutibu. Ila kuna mambo ambayo daktari mwenye wagonjwa arobaini nje ya mlango hapati nafasi ya kukueleza.

Nianze na hiyo miaka mitano, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo. Zamani madaktari wengi walihofia kwamba testosteroni ikikaa mwilini muda mrefu huku kizazi kipo, saratani ingefuata, ndiyo maana wakapendekeza kizazi na ovari vitolewe mapema. Hofu hiyo haikuthibitika. Mwongozo wa WPATH, ule chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, toleo la nane la mwaka 2022, unasema wazi kwamba mtu asiye na hatari ya pekee ya saratani hapaswi kutolewa kizazi wala ovari kwa sababu tu anatumia testosteroni. Kwa hiyo hakuna saa inayokuhesabia. Ukija kutolewa, utolewe kwa sababu yako wewe: maumivu, damu, uvimbe, au kwa sababu kukaa na kiungo hicho kunakuumiza rohoni. Zote ni sababu za haki.

Sasa hayo maumivu. Usikubali yaitwe "ni sindano tu" kabla hujapimwa. Wengi wetu tunapata mkazo wa tumbo la chini baada ya muda kwenye testosteroni, wengine hata baada ya kufika kileleni, na chanzo si kimoja. Kuna misuli ya nyonga inayokaza. Kuna ukavu wa uke, kwa sababu ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, na huo unatibika kwa krimu kidogo ya estrojeni inayopakwa mahali penyewe tu. Haikurudishi nyuma, ndevu hazianguki. Kuna endometriosi (utando kama wa ndani ya kizazi unaoota nje yake), kuna maambukizi, kuna fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani). Mtu akikata kizazi wakati tatizo ni misuli, anaamka na mshono na maumivu yale yale.

Mimi yangu yalikuwa fibroidi. Hedhi ilikatika mwezi wa nne wa sindano, nikashukuru Mungu, nikasahau. Mwaka wa tatu nikaanza kuona matone, halafu damu kamili. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye jengo linalojengwa, nafunga taa, nikahisi suruali imelowa. Nilishuka taratibu, nikafunga sweta kiunoni, nikamwambia msimamizi naumwa tumbo. Nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Usifanye hivyo. Damu ikirudi baada ya kukatika kwa muda mrefu ukiwa kwenye testosteroni, nenda ukapimwe: pengine umeruka dozi, pengine ni uvimbe, pengine ni jambo jingine linalotaka kuonwa mapema. Na ikiwa unashiriki tendo na mtu anayeweza kukupa mimba, pima mimba pia. Testosteroni si kinga ya mimba hata kama hedhi imekatika, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ultrasaundi ilionyesha fibroidi ya sentimita 7 na ndogo mbili pembeni. Daktari wa kwanza hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Si unataka kuwa mwanaume? Tunatoa yote mara moja." Akasukuma fomu ya ridhaa upande wangu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilishika kalamu. Kilichonizuia ni jina lililoandikwa juu ya ile fomu, lile la zamani, na mkono wangu ukagoma kulitia saini.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo. Alichukua bahasha ya picha yangu, akaigeuza, akachora nyuma yake kwa kalamu ya bluu: kizazi kama pea lililopinduliwa, chini yake mlango wa kizazi, kushoto na kulia mirija, na mwisho wa kila mrija ovari. Akaniambia, "Kijana, hivi ni vitu vinne. Nitakuuliza kimoja kimoja." Hakuna aliyewahi kuniita kijana hospitalini. Ile bahasha ninayo mpaka leo.

Kizazi chenyewe: nilitaka kitoke. Si kwa sababu ya uvimbe tu. Nilikuwa nimejaribu vidonge vya norethisteroni kuzuia damu, vikasaidia miezi kadhaa. Koili yenye homoni nilielezwa, nikaona moyo hautaki. Wewe hizo njia zote bado ziko mbele yako, ziulizie kwanza. Mlango wa kizazi: ukiubakiza, unaendelea kupimwa saratani yake kama kawaida. Mimi kila kipimo kilikuwa kinaniachia siku mbili za kutoongea na mtu, na ukavu ulikuwa unakifanya kiniumize kama kisu, kwa hiyo nilisema utoke. Mirija nayo itoke, kwa sababu saratani nyingi zinazoitwa za ovari imeonekana zinaanzia kwenye mirija, na mirija bila kizazi haina kazi nyingine.

Tulipofika kwenye ovari, akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Dawa yako unaipata wapi, na imewahi kukosekana?"

Hapo ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Mifupa inahitaji homoni, iwe estrojeni au testosteroni. Ukiwa na ovari, ukikosa sindano ovari zinaamka na kushika usukani. Ukiwa huna ovari na sindano haipo, mwili hauna chochote: joto linakupanda usiku, usingizi unakatika, na hali hiyo ikiendelea mifupa inaanza kuwa myepesi kama ya bibi wa miaka sabini, nawe una thelathini. Watu wanaotoa ushauri kutoka Ulaya au Marekani hawalifikirii sana hili kwa sababu dawa yao inakuja kwa utaratibu. Sisi je? Mwaka wa nne wa sindano, duka ninalonunulia liliishiwa kabisa. Nilizunguka mjini, nikauliza Mombasa, nikauliza Kampala. Wiki tisa sikupata. Damu ilirudi, nililia kama mtoto. Lakini mifupa yangu ilikuwa na mlinzi. Kama ningekuwa nimetia saini ile fomu ya kwanza, zile wiki tisa zingenikuta mtupu. Na fikiria si dawa kukosekana tu: kazi inaweza kuisha, sheria inaweza kubadilika, mtu anaweza kufungiwa nyumbani na ndugu zake.

Nikabakiza ovari zote mbili. Wapo wenzangu waliozitoa na wako salama, wengine kwa sababu za kiafya zilizokuwa nzito, na siwahukumu. Wengine wamebakiza moja. Lakini anayekwambia "toa yote" bila kukuuliza dawa unaipata wapi hajakuuliza swali lenyewe. Ovari zina jambo jingine: mayai yako yamo mle. Hujasema kama unataka mtoto, na huenda leo hujui. Mtu asiye na kizazi ila ana ovari bado mayai yake yanaweza kuvunwa, mimba ikabebwa na mwingine. Gharama yake ni kubwa, sikudanganyi, lakini mlango unabaki wazi. Ukizitoa bila kuhifadhi mayai kwanza, umefunga.

Kuhusu kuacha sindano: sijui umeambiwa uache kwa msingi gani, lakini kati ya kuacha na kuendelea vile vile kuna kurekebisha. Mimi nilianza na miligramu 250 kila wiki tatu, kichupa kizima. Siku tano za kwanza nilikuwa moto, wiki ya tatu nilikuwa jivu. Damu ikawa nzito, hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, ikafika asilimia 55, wakati zaidi ya 54 ndipo madaktari huanza kuhofia damu kuganda. Hatukuacha. Daktari alipunguza jumla ya dozi na kuigawa, sasa nachoma kidogo kila Ijumaa jioni, na hematokriti imekaa kwenye 47. Nashika kichupa kwenye kiganja dakika kumi mpaka mafuta yapate joto, navuta kwa sindano nene, nabadilisha nachoma kwa nyembamba. Muulize daktari kama maumivu yako yanafuata kilele cha dozi. Ukiandika tarehe za sindano na tarehe za maumivu kwenye daftari miezi miwili, jibu linaweza kujionyesha lenyewe.

Na jambo dogo la maabara: kama karatasi yako imeandikwa mwanamke, mashine italinganisha damu yako na viwango vya wanawake na kukuwekea alama nyekundu hata pasipo na tatizo. Ukiwa kwenye testosteroni, hemoglobini na hematokriti zisomwe kwa viwango vya wanaume. Mimi niliwahi kuandikiwa kwamba damu imezidi kwa hemoglobini ya 16, ambayo kwa mwanamume ni ya kawaida kabisa.

Majina nayo. Nilikuwa nimebadilisha jina kisheria, likatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lakini alama ya jinsia kwenye kitambulisho ilibaki ile ile. Tuna bahati ya waliotangulia. Audrey Mbugua, mwanamke transi wa Kenya, alikwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya jina na alama ya jinsia kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na mwaka 2014 mahakama ikaamua kwa upande wake. Wodini lakini hakuna hakimu. Wiki moja kabla ya upasuaji, nenda umwone sista msimamizi, mweleze, omba uitwe kwa jina la ukoo. Mimi nilifanya hivyo, akanipa kitanda cha pembeni chenye pazia. Bado asubuhi ya zamu mpya mtu alisimama mlangoni akaita "mama wa fibroidi yuko wapi?" Dada yangu alisimama kabla yangu akajibu, "Kaka yangu yuko hapa." Uwe na mtu kama huyo siku hiyo. Usiende peke yako.

Kwa sababu ya ukubwa wa uvimbe nilipasuliwa tumbo kwa mshono wa kulala chini ya kitovu. Ikiwezekana ya matundu madogo, chagua hiyo, unapona haraka zaidi. Siku ya kwanza mpira wa mkojo, siku ya pili wanakutembeza hata usipotaka. Ukikohoa, kandamiza tumbo kwa khanga iliyokunjwa. Suruali sikuvaa wiki tano, nilikaa na kikoi tu, kama wazee wetu wa Old Town, na sijawahi kujisikia mwanamume kama nilivyojisikia nikiwa nimelala barazani na kikoi kile bila chochote kinachogusa mshono. Wiki sita usinyanyue kizito. Mtungi wa maji wa lita 20 auchukue mwingine. Damu kidogo iliendelea wiki tatu. Kazini nilirudi wiki ya nane, na ngazi nikaanza kupanda wiki ya tisa.

Mama yangu nilimwambia siku nne kabla. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu akasema, "Mwanangu, hicho kizazi ni mimi niliyekupa." Nikamwambia najua, mama. Alipanda basi la usiku kutoka Mombasa, akafika na chupa ya uji wa mtama, na hakulizungumza tena. Alinipikia wiki mbili. Sisemi mama yako atafanya hivyo. Wewe ndiye unayemjua. Ila usiingie thieta huku hakuna hata mtu mmoja wa damu yako anayejua uko wapi.

Kwa sasa usitie saini chochote. Omba ultrasaundi ya nyonga, omba ripoti ya maandishi ubaki nayo, omba hematokriti na kiwango cha testosteroni, na anza hilo daftari la tarehe Ijumaa hii. Ripoti ikitoka, iandike hapa bila jina lako, nitaisoma na wewe. Na nikiweza kukupata kwa njia ya faragha, nitakutajia yule mama wa bahasha.