Kabla mzazi wako hajafunguliwa mgongo

Mama alianza kupoteza ndara. Akitoka ukumbini kwenda jikoni, moja inabaki njiani, naye anaendelea kutembea asijue kama mguu u mtupu. Kwetu Wete, Pemba, tukasema uzee. Alipopigwa picha ya MRI, uvimbe ulionekana ndani ya uti wa mgongo wenyewe, si mifupa bali ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake, usawa wa kifua. Tukapewa rufaa ya India.

Kama na wewe umo kwenye safari hiyo, muulize daktari hivi: mgonjwa akiwa kalala, mtajuaje kama miguu yake haijadhurika? Zamani walimzindua katikati ya operesheni na kumwambia achezeshe vidole. Siku hizi umeme mdogo hupelekwa kwenye kifundo cha mguu, ukapanda kupitia uti, ukapokelewa kichwani kwa visindano vyembamba. Umeme mwengine huanzia kichwani na kushuka mpaka kwenye misuli ya miguu. Mawimbi ya umeme huo yakififia ghafla kwenye skrini, mpasuaji husita, hutazama presha, hulegeza alichokuwa akikivuta.

Uliza pia watautafutaje mstari wa katikati ya uti, ndipo unapopasuliwa. Uvimbe huweza kuusukuma uti na kuuzungusha, hata jicho la mpasuaji lisiweze kuuona mstari anaopaswa kuufuata. Ndipo elektrodi, yaani kifaa chembamba cha kunasa umeme wa mwili, hulazwa juu ya uti, ukachochewa mguu mmoja kisha wa pili, ili ijulikane wapi unaishia upande wa kulia na wapi unaanzia wa kushoto. Elektrodi za kawaida zina vituo vichache vya kunasia umeme. Watafiti wanatengeneza utando mwembamba sana, wenye mamia ya vituo, unaoweza kuchora ramani ya eneo lile kwa ukaribu zaidi. Mtaalamu mmoja alinionesha picha yake kwenye simu, kisha akasema waziwazi: "Huu bado wa utafiti, mama yako hatawekewa." Nilimheshimu sana kwa neno lile. Ulizia, lakini usiahirishe operesheni kwa kuungojea.

Umeme ule wa kichwani hukaza taya kwa nguvu, kwa hiyo huwekwa kitambaa kilichokunjwa baina ya meno, mgonjwa asijing'ate ulimi. Mama ana jino linalocheza, nami sikulitaja mpaka nilipoulizwa usiku wa kuamkia operesheni. Taja meno, taja kifafa, taja kifaa cha moyo au chuma chochote kichwani.

Jioni ya operesheni alichezesha vidole vyote, alhamdulillahi. Visindano vilimwachia vidoto vyekundu kwenye vifundo, nikavihesabu kimoja kimoja.

Tusichoambiwa mapema ni kuwa uti ukifunguliwa kwa nyuma, miguu inaweza kuwa na nguvu na bado isijijue iko wapi, maana njia za hisia hiyo zinapita papo hapo. Kwa wiki kadhaa Mama alitembea akiitazama miguu yake. Mchana aliweza, usiku umeme ukikatika, aliyumba. Tukamwekea taa ya betri kitandani, na nyengine njia ya chooni.