Mwanangu, unaniuliza kama umerudi nyuma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na swali lako nimelishika. Unasema zamani ulikuwa ukisali mpaka machozi yanakutoka, na siku hizi ukifungua Biblia usiku usingizi unakuchukua kabla ya sura kwisha. Unasema pia kwamba Ufunuo 2:4, "umeuacha upendo wako wa kwanza", unakuchoma kana kwamba uliandikiwa wewe. "Mama, nimerudi nyuma?"

Tuanze na hilo andiko, maana umeishia kwenye mstari mmoja. Walioambiwa vile ni kanisa la Efeso, na Bwana alianza kwa kuwasifu: taabu yao anaijua, subira yao anaijua, mitume wa uongo wamewajaribu na kuwabaini. Ibada hawakuacha. Upendo uliwatoka huku kazi ya kanisa ikiendelea vizuri kabisa. Kisha mstari wa 5 unawaambia la kufanya: wakumbuke walikoanguka, watubu, wayafanye "matendo ya kwanza". Matendo, mwanangu. Msisimko wa siku zile haukutajwa popote. Kwa maoni yangu mstari huu tumeugeuza kuwa kipimo cha machozi, na walioumia zaidi ni watu kama wewe, wanaofika kitandani wamechoka kihalali.

Kuhusu usingizi sina mengi. Una mtoto mchanga. Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea kwa ulegevu. Alimgusa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaguswa mara ya pili akala. Habari ya Horebu, mlima ambako Mungu alisema naye, ilikuja baadaye. Wewe badilisha saa tu. Shika zaburi fupi asubuhi ukiwa unanyonyesha. Ya 131 ina mistari mitatu, na inamtaja mtoto kifuani mwa mama yake, utaielewa kuliko mhubiri yeyote. Siku ambayo moyo ni mkavu kabisa, soma ya 88. Inaishia gizani, haina kibwagizo cha furaha, lakini aliyeiandika alikuwa bado anamlilia Mungu yule yule. Sala ya Bwana nayo ni fupi, na kabla ya kutufundisha alituonya juu ya maneno mengi (Mathayo 6:7). Ila nikuambie na hili: simu ikipata saa nzima na zaburi ikakosa dakika tatu, huo tusiuite uchovu.

Sasa kukua. Paulo alipotaja tunda la Roho katika Wagalatia 5, furaha na amani zimo, sitakuficha. Lakini tazama yaliyobaki: upendo, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Karibu yote yanataka mtu mwingine awe mbele yako, na mara nyingi mtu anayekukera. Chumbani peke yako utakuwa mvumilivu kwa nani?

Ndiyo maana katika barua yako nilisimama mahali ambapo wewe ulipita mbio. Umeandika, kama jambo la pembeni, kwamba hujasemezana na kaka yako tangu tulipogawa vitu vya marehemu baba yenu. Sentensi moja juu ya kaka, kurasa mbili juu ya usingizi.

Sisemi kwamba Mungu amekunyima raha ya sala kwa sababu hiyo. Marafiki wa Ayubu, waliomwambia anateseka kwa sababu ya dhambi zake, walipenda hesabu za namna hiyo, na mwishoni waliokemewa ni wao. Ninachosema ni kwamba unatafuta matendo ya kwanza, na moja liko karibu na wewe. Soma Mathayo 5:23-24 taratibu: mtu yuko madhabahuni na sadaka yake, anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Ndugu ndiye mwenye neno. Aliyeko madhabahuni huenda haoni kosa lake hata kidogo, na bado yeye ndiye anayeambiwa aiache sadaka aende.

Najua utasema nani alichukua nini. Nilikuwepo, nakumbuka. Kupatana hakukulazimishi ukubali mgawanyo ule; mambo ya mali yapelekwe kwa wazee, yasemwe mbele ya watu, na ukidai haki yako hapo sitakulaumu. Lakini salamu haingoji kikao.

Mpigie kabla ya Jumapili. Asipopokea, mtumie ujumbe wa kuwajulia hali watoto wake, na vitu vya baba usivitaje kabisa. Akikujibu kwa ukali, usimjibu usiku huo huo. Nakufahamu, kalamu yako ina makali kama ya baba yako. Mimi sitamwambia kwamba tumeandikiana.

Nibusie mjukuu wangu.

Mama yako